Kabla hujaifuta karanga kwenye uji wa mtoto

Geuza pakiti ya unga wa lishe usome maandishi ya nyuma. Mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga. Wengine huongeza ufuta, wengine korosho, na wapo wasagaji wanaotia dagaa humo humo ili mtoto apate kila kitu. Ni unga uliokuza wengi na sina ugomvi nao. Shida yake huanza siku mtoto wa miezi sita anapokunywa kikombe cha kwanza, na kabla ya adhuhuri ametoka mabaka mekundu shingoni na mgongoni. Nani kafanya?

Sheria ya Marekani inataja vyakula tisa ambavyo lazima viandikwe wazi kwenye kifungashio, kwa kuwa ndivyo vinavyoleta sehemu kubwa ya mizio mikali: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, jamii ya korosho na lozi, karanga, ngano, soya, na ufuta ulioongezwa kwa sheria ya mwaka 2021. Rudi sasa kwenye pakiti uhesabu. Iliyojaa kweli kweli imemwonjesha mtoto sita kati ya hivyo tisa kwa kijiko kimoja, na mama anatakiwa amtambue mmoja.

Hawezi, kwa hiyo anafanya wanachofanya wengi. Anampigia simu mama yake, ambaye anasema uji usimame. Jirani anasema ni soya, ya dukani haina uaminifu. Muuzaji wa duka la dawa anasema ni aleji, anatoa chupa ya Piriton bila kumwona mtoto. Shemeji aliyesoma mtandaoni anaongeza mayai, maziwa na samaki kwenye orodha, kwa tahadhari tu. Ikifika Jumapili mtoto amebaki na viazi mviringo, maji ya wali na ziwa la mama.

Mzio wa chakula upo, na ule mkali unaweza kuua. Lakini katika nyumba nyingi za kwetu kinachomdhoofisha mtoto ni tuhuma kuliko mzio wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Mayai, dagaa, maziwa na karanga ndivyo vyakula tunavyowasihi wazazi wawape watoto hao, na ndivyo vya kwanza kufutwa mtu akisikia neno aleji. Chakula cha namna hiyo kisifutwe kwenye bakuli la mtoto bila ushahidi, na ushahidi wenyewe, kwa sehemu kubwa, hauhitaji fedha. Unahitaji saa ya ukutani na ukurasa mtupu nyuma ya daftari la kliniki.

Tazama saa

Swali la kwanza la daktari anayejua kazi yake halitakuwa juu ya kilicholiwa. Atauliza zilipita dakika ngapi.

Mzio wa papo kwa papo, ule unaoletwa na kingamwili za aina ya IgE, hujitokeza ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya saa mbili kupita. Midomo na kope huvimba. Ngozi hutoa mabaka yaliyoinuka, yanayowasha, yenye tabia ya kuhama: yalikuwa tumboni, baada ya saa moja yako mapajani. Mtoto anaweza kutapika, kupiga chafya mfululizo au kukohoa. Vipele vya joto havina haraka hiyo na havihami. Hukaa kwenye mikunjo ya shingo na mgongoni, na kwa mtoto anayefunikwa shali mbili Dar es Salaam mwezi wa Februari havihitaji karanga ili vitoke. Vipele vya virusi huja na homa na hudumu siku kadhaa. Wekundu unaozunguka mdomo baada ya nyanya, chungwa au nanasi mara nyingi ni ukali wa tunda na mate juu ya ngozi laini. Ukifuta, ukapaka mafuta ya mgando kidogo, umekwisha.

Aina ya pili inawapotosha hata wahudumu wa afya. Mtoto anakula vizuri, analala, kisha baada ya saa moja hadi nne anaanza kutapika bila kukoma. Anapauka, analegea mpaka mzazi anadhani anakata roho. Hakuna vipele wala uvimbe. Anapelekwa hospitali, anawekewa dripu, anaandikiwa maambukizi ya tumbo, anarudi nyumbani mzima. Wiki inayofuata anapewa chakula kile kile na mambo yanajirudia. Visababishi vyake ni pamoja na maziwa ya ng'ombe, soya, mayai, samaki na mchele. Ndiyo, mchele, chakula ambacho kila bibi hukiona kisicho na hatia. Mzazi aliyeandika kwenye daftari "Jumanne saa nne maji ya wali, saa sita kasoro kutapika mara tano" na akaandika karibu hivyo hivyo Jumatano ya wiki iliyofuata, amemfanyia daktari nusu ya kazi.

Ya tatu ni ya polepole: nyuzi za damu kwenye choo cha mtoto anayecheka, anayenyonya na anayeongezeka uzito. Mara nyingi hutokana na protini ya maziwa ya ng'ombe, wakati mwingine ikipitia maziwa ya mama mwenyewe. Damu yenye homa, au mtoto aliyenyong'onyea, ni habari nyingine na haisubiri kesho.

Kisha kuna yale yanayobebeshwa jina la mzio bila haki. Uji uliopikwa alfajiri na kukaa kwenye chupa ya chai hadi saa tisa. Chuchu ya plastiki isiyochemshwa. Malaria, U.T.I., homa ya kawaida iliyosadifu siku ya yai la kwanza. Pwani ongeza samaki: jodari na vibua waliokaa juani hujenga histamini, kemikali ile ile ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, na moto wa jikoni hauiondoi. Mtoto atawiva uso na kutoka mabaka kama mwenye mzio kamili. Lakini mtazame na baba yake. Ikiwa wote waliokula mchuzi ule nyuso zimewaka, mwenye kosa ni jua na muuzaji. Mzio kwa kawaida humpata mmoja.

Na nikiwa hapo, niseme la meno. Kuhara na kutapika kwa mtoto anayeanza kula bado kunaitwa meno ya plastiki katika baadhi ya maeneo yetu, na wapo wanaochimbua fizi za watoto kuyatoa. Wanachotoa ni vichipukizi vya meno halisi. Huo ni ukatili, si tiba.

Ushauri uliogeuka

Wazazi wanaoogopa karanga hawakuizua hofu hiyo. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri kwamba mtoto mwenye hatari kubwa ya mzio acheleweshewe maziwa ya ng'ombe hadi mwaka mmoja, mayai hadi miaka miwili, karanga na samaki hadi mitatu. Ushauri ulisafiri, ukafika kwenye vitabu vya uuguzi na kwenye vipeperushi, na kama ilivyo kwa mambo ya aina hiyo, ukashika zaidi kuliko marekebisho yake. Kufikia 2008 chama hicho kilikuwa kimeuondoa kwa kukosa ushahidi.

Mwaka huo huo Profesa Gideon Lack wa London na wenzake walichapisha jambo lililowashangaza. Watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza walikuwa na mzio wa karanga takriban mara kumi zaidi ya watoto wa Kiyahudi wa Israel. Asili yao ilikaribiana. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba watoto wa Israel hupewa vitafunio laini vya karanga tangu uchanga, na wale wa Uingereza walikuwa wakinyimwa.

Timu hiyo ikachukua watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 wenye pumu ya ngozi kali, mzio wa yai au vyote viwili. Nusu wakalishwa karanga kila wiki, nusu wakazuiwa, hadi wakatimiza miaka mitano. Matokeo yakatoka 2015: kati ya waliozuiwa, karibu 17 katika kila 100 walikuwa na mzio wa karanga, kati ya waliokula, karibu 3. Miongozo ya nchi nyingi ikageuzwa.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwili hukijua chakula kwa mlango kilipoingilia. Kikipita tumboni mapema, unakizoea. Kikipita kwanza kwenye ngozi iliyopasuka, kwa vumbi la karanga mikononi mwa mlezi au juu ya godoro, mwili unakipokea kama adui. Ndiyo maana mtoto mwenye pumu ya ngozi, yule mwenye mashavu makavu yanayotoa majimaji na viwiko anavyojikuna usiku kucha, ndiye wa kuangaliwa kuliko wote. Kuitibu ngozi hiyo mapema ni sehemu ya kazi ya chakula. Na huyu, kama ugonjwa wake ni mkali, aonwe na daktari kabla ya karanga na yai la kwanza.

Takwimu za kwetu Afrika ni chache. Zinazoaminika zaidi zimetoka Afrika Kusini, ambako watafiti waliwalisha watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu chakula walichoshukiwa, chini ya uangalizi, badala ya kutegemea maneno ya wazazi. Cape Town walipata mzio uliothibitika kwa watoto 2.5 katika kila 100. Vijijini Eastern Cape, nusu mtoto katika 100. Yai liliongoza na karanga ikafuata. Linganisha na idadi ya akina mama unaowajua wanaosema mtoto wao "ana aleji".

Kijiko kimoja kimoja

Shirika la Afya Duniani na wizara yetu wanakubaliana: maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, kisha vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Kinachobaki ni mpangilio. Anza na uji wa nafaka moja. Mboga, boga, ndizi, parachichi na viazi vitamu viingie bila foleni. Wanaosubiri siku tano kwa kila kimoja humchelewesha mtoto bila sababu, na huo ndio umaskini wa bakuli ninaoulalamikia. Foleni ni ya wale wakubwa tu: yai, karanga, maziwa, ngano, samaki, soya, ufuta, korosho. Kila kimoja kipewe siku zake mbili tatu, asubuhi, mtoto akiwa mzima na nyumbani kuna mtu mzima wa kumtazama. Isiwe usiku kabla ya kulala, wala siku aliyochomwa chanjo.

Yai lichemshwe mpaka kiini kigumu, lipondwe. Karanga zikaangwe, zisagwe laini, ziyeyushwe kwenye uji uliokwisha zoeleka. Karanga nzima asipewe mtoto kabla ya miaka mitano, kwa sababu ya kukabwa na si ya mzio. Robo kijiko cha chai kwanza, subiri kama dakika kumi, kisha endelea taratibu. Akivuka salama, usikisahau chakula hicho. Mara mbili au tatu kwa wiki ndiyo kinga yenyewe. Kuonja mara moja na kuacha miezi minne hakujengi mazoea. Ukimaliza foleni yako, rudi kwa ile pakiti ya unga wa lishe. Sasa unamjua kila aliyemo.

Karanga zina jambo jingine linalonisumbua zaidi ya mzio, nalo ni sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo ya ukungu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, na karanga hushikwa nayo vile vile. Kukaanga hakuiondoi. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye uchungu tupa, na usinunue zilizokwisha sagwa usipojua zilisagwa lini na nani alizichagua.

Ikitokea kweli

Mabaka machache na mdomo uliovimba kidogo, mtoto akiwa anacheza: simamisha chakula, mfute, andika saa, mtazame, mpeleke aonwe siku hiyo. Mambo hubadilika akianza kukohoa bila kukoma, sauti kukwaruza, kifua kupiga filimbi, ulimi kuvimba, kupauka au kulegea ghafla. Hapo dawa ni moja, adrenalini, sindano ya msuli wa paja, na kila dakika ina thamani. Kalamu za adrenalini ambazo wazazi wa Ulaya hutembea nazo ni adimu kwetu na ni ghali. Lakini adrenalini ya kawaida ya kichupa kidogo ni ya bei nafuu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na inapaswa kuwapo popote chanjo zinapotolewa. Siku ya kliniki, ukisubiri kumpima mtoto uzito, muulize muuguzi: "Dada, adrenalini mnayo hapa? Na usiku je?" Si utovu wa adabu. Kujua kwamba zahanati ya karibu hufungwa saa tisa na nusu na kituo cha afya kilichoko mbele hakifungwi, ni maarifa ya kuwa nayo kabla ya yai la kwanza.

Piriton haifungui koo lililovimba. Hupunguza mwasho, na kwa mtoto mchanga huleta usingizi unaoweza kukuficha dalili za hatari. Prometazini ndiyo kabisa haifai kwa walio chini ya miaka miwili, kwa kuwa inaweza kuzuia kupumua, ingawa bado unaweza kuuziwa bila swali. Maziwa, madafu na maji ya mkaa usimpe. Mlaze, au mpakate akiwa amekaa ikiwa anapumua kwa shida, na njia ianze. Akishachomwa sindano akae chini ya uangalizi saa kadhaa, maana dalili huweza kurudi.

Baada ya tukio kama hilo usimjaribu tena nyumbani. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa watoto, Muhimbili, KCMC, Bugando au hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Kwa dalili za polepole utaratibu ni tofauti: chakula kinachoshukiwa huondolewa wiki mbili hadi nne, kisha hurudishwa kwa makusudi, kwa ushauri wa daktari, kuona kama dalili zitarudi. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa. Mtoto anapata nafuu, ambayo pengine angeipata hata bila kuondolewa kitu, na chakula kinafungiwa nje miaka.

Vipimo vya damu vinavyotangazwa mijini, vya vyakula mia kwa tone moja, vingi hupima kingamwili za IgG, ambazo huonyesha tu kwamba umewahi kula kitu. Usitoe fedha yako. Hata kipimo halali cha IgE kinahitaji msomaji makini katika nchi zenye minyoo na kichocho. Utafiti wa watoto wa shule nchini Ghana, uliochapishwa 2013, uliwakuta wengi wenye IgE ya karanga kwenye damu huku wakila karanga bila shida. Kingamwili hizo zilihusiana na kichocho. Majibu ya maabara bila historia ya kilichotokea mezani yanaweza kumnyima mtoto chakula anachokiweza.

Kwa mzio wa maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi si kimbilio, protini zake zinafanana mno. Mama aendelee kunyonyesha. Na asijinyime maziwa, mayai na samaki kwa kudhani tu, maana mama aliyedhoofika ni tatizo la pili ndani ya nyumba moja.

Kisha kuna watu. Dada wa kazi ataelewa haraka ukimwelekeza vizuri na kumwandikia. Bibi ni mtihani zaidi.

"Mama, naomba usimpe chochote chenye yai mpaka daktari amwone."

"Mwanangu, ninyi si niliwalisha mayai haya haya? Nani alikufa?"

Hoja yake ina uzito, kwa kuwa mara tisa katika kumi pengine ana haki. Kubishana hakusaidii. Mchukue muende naye hospitali, akae kwenye kiti, aambiwe yeye na daktari anayemwita Shikamoo Bibi. Atakuwa mlinzi mkali kuliko wote, na kazi yako baadaye itakuwa kumshawishi kwamba muda wa kulirudisha yai umefika.

Muda huo hufika kwa wengi. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa au yai huuacha kadiri wanavyokua; wa karanga na korosho huelekea kudumu. Wengi wenye mzio wa yai huweza kula lililookwa ndani ya keki, moto na unga vikiwa vimelibadili, muda mrefu kabla hawajaweza kula la kuchemsha, na madaktari hulitumia hilo kama ngazi ya kurudia, wakianza hospitalini inapobidi. Mzio wa yai pia hauzuii chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa. Ya homa ya manjano, inayotolewa kwa kawaida katika baadhi ya maeneo ya Kenya na kwa wasafiri, ndiyo ya kumweleza mhudumu kwanza. Kwa surua, mwambie tu muuguzi kilichotokea, achomwe siku yake, na msubiri hapo kliniki nusu saa kabla ya kuondoka.